Naomba ushauri: tunataka kurekodi albamu ya kantri ya sauti nne, ila bado tunasikika kama kwaya

SautiNne_Eldoret

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Tuko waimbaji wanne hapa Eldoret, wanaume watatu na dada mmoja. Sote tumetokea kwaya na sol-fa (noti za do re mi) tunaisoma bila shida. Tunajiandaa kurekodi albamu ya nyimbo 10 za kantri: 8 zetu wenyewe kwa Kiswahili, 2 za kuazima, mojawapo Elvira. Kielelezo chetu ni albamu Fancy Free ya kundi la Marekani The Oak Ridge Boys, ile ya 1981.

Shida ni kwamba tukifika kwenye kiitikio, sauti zinapatana na hakuna anayetoka nje ya ufunguo, lakini ladha inabaki ya kwaya. Ule ukali wa kantri haupo. Tumepanga hivi: dada anabeba melodi juu, halafu teno, halafu wengine wawili chini.

Vifaa: laptop, intafesi ya njia mbili, maiki moja ya kondensa, hedifoni jozi mbili. Chumba ni mita 4 kwa 5, paa la mabati, sakafu ya simenti. Mpiga gitaa na mpiga gitaa la besi tunao. Dramu tutakodi studio kwa siku moja.

Naomba kujua: (1) sauti zipangwe vipi, (2) turekodi wote pamoja au mmoja mmoja, (3) hizo nyimbo mbili za kuazima tunaruhusiwa kuzitoa? Na lolote lingine ambalo hatujalifikiria.

---

MwalimuSolfa

Karibu sana. Jibu la swali lako la kwanza umeliandika mwenyewe: melodi iko juu. Hapo ndipo kwaya inapoingia. Kwenye kantri ya sauti nne, melodi inakaa sauti ya pili kutoka juu. Teno anaimba juu ya melodi, baritoni chini yake, besi chini kabisa. Msikilizaji anafuata sauti ya katikati huku nyingine ikielea juu yake, na ukali unaoutafuta unatoka hapo.

Kwenye Fancy Free waimbaji ni Duane Allen (kiongozi), Joe Bonsall (teno), William Lee Golden (baritoni) na Richard Sterban (besi). Chukua hedifoni, usikilize kiitikio chochote cha albamu hiyo mara nne, kila mara ukifuata mtu mmoja tu. Utaona kwamba Bonsall mara nyingi yuko juu ya melodi, na Golden anaimba noti ambazo peke yake hazileti maana. Baritoni ndivyo ilivyo. Anachukua noti iliyobaki, kwa hiyo mpeni mtu mwenye sikio kali kuliko wote, hata kama sauti yake si kubwa.

Kanuni ya kuanzia ni nyepesi kwa watu wa sol-fa: teno anachukua noti ya kodi ya gitaa (noti zinazopigwa pamoja) iliyo juu tu ya melodi, baritoni ile iliyo chini tu ya melodi, besi anachukua mzizi, yaani noti ya msingi ya kodi.

Kodi ya 1 (do mi so):
- Kiongozi akiwa do: teno mi, baritoni so ya chini, besi do ya chini.
- Kiongozi akiwa mi: teno so, baritoni do, besi do ya chini.
- Kiongozi akiwa so: teno do ya juu, baritoni mi, besi do ya chini.

Kodi ya 4 (fa la do): kiongozi akiwa la, teno do ya juu, baritoni fa, besi fa ya chini. Kodi ya 5 (so ti re): kiongozi akiwa re, teno so au fa, baritoni ti, besi so. Hiyo fa inaleta ladha ya kodi ya saba (so ti re fa). Itumieni pale kodi ya 5 inaporudi 1, na isiwe kila mara.

Melodi ikipita noti isiyo ya kodi, mfano re kati ya do na mi, teno naye anapita fa kati ya mi na so. Anatembea sambamba na kiongozi. Mwalimu wa kwaya atawaambia sauti zisitembee sambamba. Kwa nyimbo za kitabu yuko sahihi, kwa kantri muiache sheria hiyo mlangoni.

Kutokea kwaya si kikwazo hata kidogo. The Oak Ridge Boys wenyewe mizizi yao ni kundi la injili la miaka ya 1940 lililokuwa likiimba Oak Ridge, Tennessee. Sterban kabla ya kujiunga nao 1972 alikuwa na kundi la injili la J.D. Sumner lililomwitikia Elvis Presley. Mpangilio wa teno, kiongozi, baritoni, besi wameutoa huko kwenye injili.

---

SautiNne_Eldoret

Asante sana Mwalimu. Kwa hiyo dada yetu tumweke wapi? Yeye ni soprano.

---

MwalimuSolfa

Ana nafasi mbili. Ya kwanza ni hiyo ya teno. Akiichukua, aimbe mahali pale pale ambapo teno wa kiume angeimba, yaani noti tatu au nne tu juu ya kiongozi. Kosa la kawaida ni dada kuipandisha oktavu nzima kwa sababu pale chini anaona si kwake. Akishaipandisha, melodi inafunikwa na kwaya imerudi. Kwa ufunguo wa G, kiongozi akiwa anatembea kati ya G iliyo chini ya C ya kati ya piano na E iliyo juu ya C hiyo, dada atakuwa kati ya B na G. Aimbe kwa sauti ya kifua, wazi, karibu na kuongea. Sauti ya kichwa ile ya soprano aiweke kando.

Nafasi ya pili ni yeye kuongoza baadhi ya nyimbo. Ongezeni albamu nyingine kwenye zile mnazosikiliza: Tornado ya Little Big Town, 2012. Hao ni wanawake wawili na wanaume wawili, na anayeongoza hubadilika. Kundi la wanaume watupu haliwezi kuwafundisha kila kitu.

---

Mzee_wa_Kantri

Naongezea kwenye Elvira kwa kuwa wameitaja. Beti za Elvira haziimbwi na Allen. Anaziimba Bonsall, yaani teno. Allen ndiye utamsikia akiongoza wimbo wenyewe wa Fancy Free. Kwa hiyo "kiongozi" ni kazi, anapewa anayefaa wimbo. Msijifunge kwamba mtu mmoja abebe albamu nzima. Nyimbo 10 zikiwa na sauti moja mbele zinachosha kufikia ya tano.

Jambo la pili, msikilize besi kwenye Elvira alivyopewa nafasi. Kile kipande chake cha silabi zisizo na maana kinaingia pale wenzake wamenyamaza au wameshikilia noti. Wimbo ule ulikuwepo tangu 1966, Dallas Frazier aliyeutunga alishaurekodi, na wengine walishaurudia kabla ya 1981. Uliofika namba 1 ya kantri na namba 5 ya chati kuu ya Billboard ni huu wa sauti nne, na ukawapa Grammy. Mpangilio wa sauti, hasa besi, ndio uliobeba.

Kwenye nyimbo zenu nane, kila mwisho wa mstari acheni mapigo mawili matupu. Besi ajaze hapo: so-la-ti-do kurudi nyumbani, au do-re-mi-fa kuelekea kodi ya 4. Mkijaza maneno mpaka ukingoni, besi hana pa kuingilia, atabaki kuvuta noti ndefu kama kinanda.

---

Binti_Mizani

Hilo la mapigo mawili linagusa utunzi wa Kiswahili moja kwa moja, na hapa ndipo naona makundi mengi yanaanguka. Maneno yetu yana silabi nyingi na mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho. Mkichukua melodi ya mtindo wa Kiingereza, ambayo mara nyingi inaishia kwenye pigo zito na neno la silabi moja, mtalazimika kuweka mkazo silabi ya mwisho. "Nyumba-NI". Sikio la Mswahili linakataa hata kama hajui kwa nini.

Dawa: "nitarudi nyumbani", hakikisheni *ru* na *mba* zimeangukia pigo la 1 au la 3. Silabi ya mwisho iangukie pigo dhaifu linalofuata, fupi. Ina maana mistari yenu mingi itamalizia kwa noti mbili, nzito kisha nyepesi, na teno na baritoni lazima wapangiwe hizo mbili, si moja.

Mizani 8 inakaa vizuri kwenye pau mbili za mapigo manne: silabi nne za nusu pigo na nne za pigo zima, jumla mapigo 6. Yanabaki 2. Hayo ndiyo ya besi ya Mzee wa Kantri.

Na jambo dogo: irabu. Mnapoimba Kiswahili irabu tano ni zenu, mnazo sawa. Mkija kwenye Elvira, kaeni chini muamue kila irabu ya Kiingereza itamkwe vipi, muandike kwa Kiswahili juu ya neno. Watu wanne wakitamka irabu moja kwa namna mbili, itasikika kama mmoja ametoka ufunguo hata kama noti ni sahihi. Herufi "s" na "t" za mwisho wa mstari atamke mtu mmoja tu, kiongozi. Wengine waziache. La sivyo mtapata "s" nne zimepishana na hakuna fundi atakayezikusanya.

---

FundiMitambo

Nakuja kwenye kurekodi.

Chumba. Mabati yanaleta mambo mawili, mvua na mwangwi. Mvua haina dawa, rekodini siku kavu. Mwangwi: maiki yenu bila shaka inasikia mbele zaidi kuliko nyuma. Watu hutundika blanketi nyuma ya maiki, lakini maiki inatazama waimbaji na ukuta ulio nyuma yao. Magodoro mawili ya wima yakae nyuma ya waimbaji, blanketi nzito juu ya vichwa vyao, zulia chini. Blanketi za ukutani ziachwe sentimita 10 kutoka ukutani. Zikigusa ukuta nguvu yake inapungua.

Chumba cha mita 4 kina tabia ya kuvimbisha sauti ya takriban hezi 86 (mitetemo 86 kwa sekunde), ambayo ni F ya chini ya besi. Katikati kabisa ya zile mita 4 uvimbe ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo maiki isikae katikati. Iwe kama mita 1.5 kutoka ukuta mmoja. Besi ashuke ngazi yote polepole mkiwa mnarekodi, msikilize kama kuna noti inayoruka. Ikiruka, sogezeni maiki sentimita 20, mrudie.

Kipimo. Biti 24, 48 kHz. Fantomu 48V (umeme ambao intafesi inaupeleka kwenye maiki) iwashwe maiki ikishachomekwa. Sauti kubwa kuliko zote ifike takriban desibeli -12 kwenye mita ya programu. Watu hujaza mpaka karibu na 0 kwa kuogopa kelele za chini. Kwa biti 24 hofu hiyo haina msingi, na sauti nne zikikutana pale juu zinapasuka.

Kuchelewa kwa sauti. Bafa (akiba ya sauti kwenye programu) iwe sampuli 64 au 128 wakati wa kurekodi, ipandisheni hadi 512 au 1024 mkichanganya. Intafesi ikiwa na kitufe cha kujisikia moja kwa moja, tumieni hicho. Mwimbaji anayejisikia kwa kuchelewa anavuta mapigo, na kwa sauti nne kila mtu atavuta kwa kiasi chake.

Hedifoni. Ziba sikio moja, lingine liachwe wazi. Ukiziba yote mawili unaanza kushuka noti. Hilo sikio la wazi, hedifoni yake igandamizwe kichwani isivujie maiki.

Pamoja au mmoja mmoja? Mmoja mmoja. Kwanza gitaa na kliki (mlio wa kuhesabu mapigo), kisha kiongozi, kisha besi, kisha teno, mwisho baritoni kwa kuwa yeye ndiye anayejaza pengo. Mtu akikosea unarudia yeye tu.

---

MaikiMoja

Hapo mwisho napingana na Fundi, kwa heshima. Kundi hili linalalamika kwamba halina ladha. Ukiwatenganisha, kila mmoja ataimba kwa ukubwa wake, atakata noti kwa wakati wake, na mtakaa wiki nzima kwenye kompyuta mkipanga kingo. Waimbaji waliozoea kusikilizana kwa macho hukata noti pamoja bila kuambiwa.

Wekeni maiki hiyo hiyo moja, waimbaji nusu duara kama mita moja kutoka kwayo. Mizani ya sauti ipangwe kwa miguu: anayezidi arudi hatua nusu nyuma. Besi ndiye asogee mbele, sentimita 40 hivi. Kwa maiki ya namna hiyo kukaribia kunanenepesha sauti za chini, na yeye ndiye anayeihitaji. Rekodini kiitikio mara mbili nzima, mchukue ya kwanza mkono wa kushoto na ya pili wa kulia.

---

FundiMitambo

Nakubali kwa kiitikio. Ila maiki moja haitenganiki: baritoni akikosea noti moja, kiitikio chote kinarudiwa. Na huwezi kumwinua besi baadaye bila kuwainua wote.

Tufanye hivi basi. Beti za solo, mtu peke yake. Viitikio, watatu (teno, kiongozi, baritoni) pamoja kwenye maiki, mara mbili. Besi peke yake baada yao, sentimita 20 hadi 30, na kinga ya pumzi mbele ya maiki. Njia mbili za intafesi zinatosha kabisa kwa mpango huo.

---

MaikiMoja

Huo nauunga mkono. Tahadhari moja: mkirudia mara ya pili imbeni kweli, msinakili rekodi ya kwanza. Nakala iliyosogezwa kidogo inatoa sauti ya bomba.

---

Besi_wa_Ziwani

Naomba niseme kuhusu besi, maana fundi wengi wa studio za huku wamezoea kurekodi soloisti na wanaiua bila kujua.

Kwanza, kichujio cha sauti za chini. Fundi ana mazoea ya kukata kila kitu chini ya hezi 100 kwenye sauti za watu. Kwa teno na kiongozi ni sawa. Besi akiimba E ya chini, mzizi wa noti yake uko hezi 82. Umemkata kiwiliwili. Kwake kichujio kisizidi 40 au 50. Angalieni pia swichi iliyo kwenye maiki yenyewe, mara nyingi imeachwa imewashwa.

Pili, gitaa la besi. Linakaa ghorofa hiyo hiyo. Pale mwimbaji wa besi anapotembea, gitaa lipige mzizi na so tu, pigo la 1 na la 3, na si mapambo. Wakitembea wote wawili hakuna atakayesikika. Kama bado wanagongana, gitaa lipunguzwe kidogo kati ya hezi 100 na 200.

Tatu, simu. Wasikilizaji wenu wengi watasikia kwa spika ya simu, na spika hiyo haitoi hezi 82. Inatoa zile sauti za juu zinazozaliwa na noti hiyo, 164, 246 na kuendelea. Kwa hiyo besi asiimbe kwa kinywa kilichofungwa cha "mmm" kizito. Afungue, atamke, noti iwe na kingo. Kwenye kuchanganya, mwongezeeni ukwaruzo kidogo sana kwa satuwesheni, kifaa cha programu kinachoongeza sauti hizo za juu. Halafu jaribuni kwenye simu ya kawaida kabla ya kuridhika.

---

JiraniGitaa

Kwenye vyombo nina mawili.

Steel gitaa ya kanyagio ni ngumu kupata huku. Msiweke ile ya kinanda cha umeme, inajulikana kwa sekunde tatu. Gitaa la umeme safi lenye kanyagio la sauti, mpigaji anapiga noti mbili zenye nafasi ya sita (mi na do ya juu, fa na re) na kuingiza sauti taratibu kwa mguu, linatosha. Harmonika nayo inafaa.

La pili, gitaa la mbao. Rekodini la kawaida kushoto. Kulia mchukue gitaa lingine, mtoe nyuzi za E nene, A, D na G, muweke zile nyembamba za oktavu ya juu kutoka seti ya nyuzi 12. B na E nyembamba zibaki. Pigeni kodi zile zile. Mng'ao unapatikana bila kuongeza uzito pale sauti za watu zinapokaa. Ni ujanja wa zamani wa Nashville, mji wa kantri kule Marekani.

Na mpeni mpiga dramu wa kukodi karatasi ya namba, asipoteze saa zenu kutafuta kodi. 1 ni do, 4 ni fa, 5 ni so, namba moja pau moja. Ukibadilisha ufunguo karatasi haibadiliki. Aliyeanzisha mtindo huo Nashville ni Neal Matthews Jr. wa The Jordanaires mwishoni mwa miaka ya 1950, naye alikuwa mwimbaji wa kundi la sauti nne. Kwenu wa sol-fa ni lugha ya nyumbani.

---

DadaHakimiliki

Swali la tatu limekaa muda mrefu bila jibu.

Wimbo una haki mbili. Moja ya utunzi, nyingine ya rekodi. Mkiimba upya Elvira kwa vyombo vyenu hamgusi rekodi ya The Oak Ridge Boys, ila utunzi ni wa Dallas Frazier. Alifariki 2022, na kwa sheria ya Kenya ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo bado. Mnachohitaji ni leseni ya kurekodi utunzi wa mtu. Anzieni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya: ulizeni ni shirika lipi lina leseni mwaka huo ya kusimamia haki za watunzi, kisha muende kwa shirika hilo. Msambazaji wa mtandaoni naye atawauliza kama wimbo ni wa kuazima. Jazeni ukweli na jina kamili la mtunzi. Mkiandika majina yenu kwenye nafasi ya mtunzi, wimbo utashushwa.

Mambo matatu yanahitaji ruhusa ya mwenye haki ya utunzi mwenyewe, na leseni ya kawaida haiyafuniki: kutafsiri maneno kwa Kiswahili, kubadilisha maneno, na kuweka wimbo kwenye video. Kama mnafikiria Elvira ya Kiswahili, ombeni kwanza, na mjiandae kungoja.

Muziki mtupu wa karaoke uliopakuliwa mtandaoni msiutumie kamwe. Hapo mmegusa rekodi ya mtu.

Nyimbo zenu nane: kabla ya kuingia studio, andikeni nani ametunga maneno, nani melodi, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Wote wanne mtie sahihi. Kila wimbo utapewa namba yake ya ISRC (namba ya kuitambulisha rekodi) na msambazaji, itunzeni.

---

FundiMitambo

Nilisahau kuwaambia hili na ndilo linaloharibu rekodi nyingi za sauti nne: programu ya kunyoosha noti.

Programu inavuta kila noti kwenye ngazi ya piano. Lakini mi ya piano iko juu kidogo kuliko mi ambayo sauti za watu zikipatana zinaitafuta zenyewe, tofauti ni takriban senti 14 katika 100 za nusu toni. Kundi zuri likiimba do-mi-so linashusha mi bila kuambiwa, na kodi inatulia. Ukizinyoosha zote nne kwa mashine, ule utulivu unatoweka, zinabaki kutetemeka kama kinanda cha bei nafuu. Nyoosheni kiongozi wa solo tu, taratibu, na noti zilizopotea kweli. Viitikio muviache.

Kwa sababu hiyo hiyo, mazoezi msiyafanye na kodi kamili ya kinanda. Kinanda kishikilie do na so peke yake, muitafute mi kwa masikio. Na mtetemo wa sauti wa kwaya uondolewe mwanzo wa noti. Noti ianze imenyooka, mtetemo uje mwishoni kama lazima.

Kuchanganya, anzeni hivi: kiongozi na besi katikati, usawa mmoja. Teno chini yao desibeli 3, baritoni 3 au 4, mmoja kushoto mwingine kulia kidogo kama mmewatenganisha. Riverbu (mwangwi wa kutengenezwa) moja kwa wote, fupi, ili wawe chumba kimoja. Nakala ya mwisho iache kilele kisizidi -1, na msihangaike kuikuza kupita kiasi. Mitandao ya kusikiliza itaishusha.

---

SautiNne_Eldoret

Mungu awabariki wote. Leo tumehamisha melodi kwa kiongozi na dada amechukua teno pale pale bila kupanda oktavu. Tofauti ni kubwa mno.

Swali la mwisho. Wimbo wa kwanza melodi inatoka so ya chini hadi la. Kiongozi wetu anaishia E juu ya C ya kati, besi anafika F ya chini tu. Dada anafika C ya juu bila shida. Tuchukue ufunguo gani?

---

MwalimuSolfa

Do iwe G. La itaangukia E, ndiyo kikomo cha kiongozi. Teno juu ya la anachukua do ya juu, ambayo ni G, dada yuko raha.

Besi: do yake ni G ya chini, yuko salama. Kodi ya 4, fa ni C, salama. Kodi ya 5, so ya chini kabisa ni D ambayo hana. Achukue so ya juu yake, ile D iliyo chini ya C ya kati. Kiongozi akiwa re, baritoni yuko ti ambayo ni F kali, D ya besi inakaa chini yake vizuri.

Tatizo litakuja pale melodi inaposhuka so ya chini. Kiongozi mwenyewe atakuwa kwenye D hiyo hiyo, na wengine hawana nafasi ya kupumua chini yake. Hapo msiweke sauti nne. Mwachieni kiongozi mstari huo solo, wengine waingie melodi ikipanda.

Na kile kishawishi cha kupandisha ufunguo nusu toni kwenye kiitikio cha mwisho, kwa wimbo huu mkiache. Kiongozi atatakiwa F, na hana.